Watu wa Mwabuyegu Hawaachi Nyayo

Jumamosi ile Sesilia alipiga deki mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha Shinyanga mjini, na barabara ya mbele ya duka lake la vitabu ilikuwa imegeuka uji mweusi wa mbuga, ule unaong'ang'ania viatu mpaka mtu anafika anakokwenda amerefuka. Duka lenyewe lilikuwa na vigae vyeupe. Aliyemshauri aweke vigae vyeupe alikuwa shemeji yake, ambaye sasa ni marehemu, na Sesilia hakuwahi kumsamehe.

Kwa miaka tisa ya kufuta sakafu ile alikuwa amejifunza kuwatambua wateja kwa miguu kabla hajainua macho. Mwalimu aliyekuja kuchukua mitihani ya miaka iliyopita alikuwa na kisigino kinachoburuza. Mchungaji wa kanisa la jirani alikanyaga kwa ncha, kana kwamba sakafu inalala. Wachimbaji waliopita kununua Biblia kabla ya kushuka shimoni walikuja na buti, na buti zao ziliacha vidonge vya udongo mwekundu ambao si wa hapa. Kwa hiyo alipoinua macho kutoka kwenye ndoo saa nne kasoro robo na kumkuta mama mmoja amekwisha kukaa mstari wa mbele, kikapu mapajani, na vigae kutoka mlangoni hadi kwenye kiti vikiwa vyeupe vilevile kama alivyoviacha, alijua mara moja kuwa mgeni ametoka Mwabuyegu.

"Ng'wangaluka, mayu," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Ng'wangaluka, mwanangu. Nimewahi?"

Sesilia akamwambia amewahi mno, shughuli ni saa nane mchana. Mama yule akasema atasubiri, kusubiri amezoea. Sesilia alimletea chai. Watu wa Mwabuyegu aliwapenda kuliko wateja wote siku za mvua.

Tangazo la shughuli lilikuwa limesomwa redioni wiki nzima. Duka la Vitabu la Sesilia linawakaribisha wote kukutana na mwandishi wa safari, Bwana Fredy Kimolo wa Dar es Salaam, atakayesoma kutoka kwenye kitabu chake *Nyayo Zangu Kanda ya Dhahabu*. Pia atakuwepo mthamini wa vitu vya kale, Mzee Selestine, atakayemweleza kila mwenye kitu cha babu au bibi yake ni cha lini na kina maana gani. Kiingilio hakuna. Viti vilikuwa vya kuazima kanisani, na spika ilikuwa ya kijana wa harusi ambaye siku hiyo hakuwa na harusi.

Mama wa mstari wa mbele aliitwa Paskazia, lakini tangu amzae binti yake wa kwanza hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Justa. Justa mwenyewe aliolewa Geita na huja mara moja kwa mwaka.

Mwabuyegu ni kilima chenye nyumba kama ishirini na tano, mwendo wa saa mbili kwa basi kutoka mjini, kisha saa moja kwa miguu. Watu wake wanalima mpunga bondeni na kufuga juu. Zamani walikuwa na nyayo kama watu wengine. Zilikoma wiki ileile kitabu cha Bwana Kimolo kilipofika kwenye maduka, miaka mitano iliyopita. Wa kwanza kugundua walikuwa wachunga ng'ombe, maana wao ndio wanaotafutana kwa nyayo. Mwenzao alipotea porini, wakafuata kwato za ng'ombe wake mpaka mtoni, lakini za kwake hazikuwepo hata moja. Ng'ombe walibaki na alama zao kamili. Watu walikwenda hospitali ya Kolandoto wakapimwa miguu, wakaambiwa miguu ni mizima kabisa, wapunguze tu kutembea peku. Jamaa wawili wa Kagongwa wenye kazi zao za gizani walikuja kutafuta vijana wa kuajiri, wakafukuzwa kwa fimbo. Baada ya hapo maisha yaliendelea.

Sababu walielezwa na mwalimu mmoja aliyewasomea kitabu. Ukurasa wa themanini na saba ulitaja kwato za ng'ombe. Ukurasa wa themanini na nane ulisema hivi:

*Nilifika Mwabuyegu jua likiinama. Miiba ilikuwa imelala milangoni, ishara ya mji uliohamwa na wenyewe. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikakaa juu ya rundo la mawe nyuma ya nyumba ya mwisho, nikanywa maji, nikaitazama nchi isiyo na nyayo za mwanadamu.*

Wenyeji walisikiliza mpaka mwisho, wakamwomba mwalimu arudie pale pa nyayo, akarudia. Basi wakaelewa. Kitu kikishapigwa chapa, walisema, ni juu ya miguu kufuata.

Yangeishia hapo, na pengine watu wangezoea, kama mgodi usingetanuka. Kampuni ilihitaji mahali pa kumwaga kifusi, yale mawe yanayobaki dhahabu ikishatolewa, na ikachagua Mwabuyegu kwa sababu ramani zake zilionyesha pako wazi. Mtu wa kampuni aliyeshughulikia makaburi aliitwa Mwigulu. Alikuwa kijana mwenye adabu, ofisi yake ni kontena karibu na geti, na utaratibu wake ulikuwa mzuri kweli: kaburi lolote lenye mwenyewe litahamishwa kwa heshima zote, kwa jeneza jipya na dua au sala ya dini husika. Ila kaburi lazima liwe na mkazi, na mkazi lazima athibitike. Mwigulu alipanda kilimani mwezi Machi na daftari lake, akatazama chini siku nzima, akaandika kwamba hakuona dalili ya binadamu kuishi pale. Wenyeji ishirini walikuwa wamemzunguka wakati anaandika. Aliwaambia waziwazi kuwa anawaona, tatizo ni kwamba fomu haiulizi kama anawaona, inauliza dalili. Halafu akawaonyesha kitabu. Kilikuwa kwenye rafu ya kontena, kimebandikwa karatasi ya njano kwenye ukurasa wa themanini na nane.

Orodha ya makaburi ilikuwa inafungwa Jumatatu. Mama Justa alikuwa na kaburi moja tu la kuandikisha, la mumewe Mabula.

Mabula alikuwa mchimbaji mdogo Mwakitolyo. Mwaka mmoja duara, shimo lao la kuchimbia, lilimwangukia, akakaa chini ya mawe siku mbili na usiku wake, akatoka hai, bila vidole viwili vya mguu wa kushoto. Hakurudi tena shimoni. Alilima, akalala kila siku mlango ukiwa wazi, hata wakati wa fisi, na alipougua ugonjwa wa mapafu ambao wachimbaji wote wanaujua, alimwita mkewe akamwomba jambo moja. Azikwe juu juu, nyuma ya nyumba, mahali anapoweza kusikia ng'ombe wakirudi. Alisema, "Usiniache tena chini ya mawe ya watu." Mama Justa alimwahidi. Alizikwa juu juu, na juu yake wakapanga mawe machache tu, ya kumkinga na fisi, mawe ya nyumbani ambayo kila mtu aliyajua.

Saa nane duka lilijaa. Mzee Selestine alikaa kwenye meza yenye kitambaa cha kijani. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na moja kwenye stoo ya makumbusho, akastaafu na kioo cha kukuzia, muhuri wake mwenyewe, na uzoefu wa kuviweka vitu sikioni na kusubiri vijieleze. Vitu vingi huongopa umri, alisema, hasa saa za ukutani. Mama mmoja alileta pasi ya mkaa aliyoambiwa ni ya Mjerumani. Mzee aliisikiliza, akamwambia kwa upole kuwa imetengenezwa na fundi wa Mwanza mwaka sabini na nne, naye fundi alikuwa na mafua siku hiyo. Mstaafu wa kiwanda cha pamba alileta beji ya ushirika, ikakaa sikioni muda mrefu, na Mzee Selestine alipoishusha alimpa mstaafu mkono. Mzee wa Kagongwa alifungua simu kuonyesha picha za bati na miembe yake mitano, akitaka ithaminiwe. Upande huu mtu akisikia mthamini anakuja, anajua mgodi unakuja nyuma yake. Alielezwa kuwa huyu ni wa vitu vya kale. Akajibu kwamba kwa jinsi mambo yanavyokwenda miembe yake nayo itakuwa ya kale wiki ijayo, akaketi.

Zamu ya Mama Justa ilipofika, alitoa kikapuni kata ya kibuyu, ile ya kuchotea maji mtungini. Ilikuwa na ufa ulioshonwa kwa uzi wa katani. Hakuna aliyevutiwa. Nyumba nyingi za waliokuwepo zilikuwa na kata kama hiyo, au zilikuwa nayo mpaka ndoo za plastiki zilipoingia.

Mzee Selestine aliisikiliza kuliko vitu vyote vya siku hiyo. Alisema ina miaka arobaini na miwili, imekaa nyumba moja, imeshonwa mara mbili, mara ya pili na mtu aliyekuwa akilia. Alisema ukingoni kuna midomo mingi, lakini miwili ya juu ni ya siku moja: wa mwenyeji aliyeonja kwanza, na wa mgeni aliyekunywa baadaye. Hivyo ndivyo maji yanavyotolewa Usukumani, mwenye nyumba huonja ili mgeni anywe bila wasiwasi. Baada ya mgeni huyo kata haikutumika tena.

"Niandikie kwamba ilikuwa Mwabuyegu," Mama Justa alisema. "Na siku gani."

Mzee alimwambia siku ataandika, lakini mahali hawezi. Kata inajua midomo, haijui kilima. Kilima kitasemwa na aliyekunywa. Akaandika karatasi yake, akapiga muhuri, akampa kwa mikono miwili. Mama Justa aliikunja akaiweka kifuani, akarudi kwenye kiti chake. Sesilia, aliyekuwa amesimama karibu na rafu ya vitabu vya safari, aliona jinsi yule mama anavyoibana karatasi kifuani, akatamani kumshika, asijue angemshika kwa ajili ya nini.

Kisha akapanda Bwana Kimolo. Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kusomea, na tuseme kweli, alisoma vizuri. Alisoma habari za soko la mchele la Kagongwa mpaka watu wakasikia njaa. Kijana wa spika alimwomba asome ukurasa wa themanini na nane, ambao umenukuliwa kwenye jalada la nyuma na ndio unaopendwa zaidi. Bwana Kimolo alifumba macho, maana huo aliujua kwa moyo. Alipofika kwenye nchi isiyo na nyayo za mwanadamu, watu walipiga makofi. Hata waliotoka Mwabuyegu, wanne waliokuwa wamesimama nyuma, walipiga makofi, kwa sababu yalikuwa maneno mazuri.

Muda wa maswali ulipofika Mama Justa alisimama. Hakuuliza. Alikwenda kwenye mtungi wa maji ya kunywa ambao Sesilia aliuweka pembeni, akachota kwa kata yake, akaonja, akapiga goti kidogo, akamnyooshea mwandishi. Bwana Kimolo alitazama huku na huku. Kukataa maji yaliyokwisha kuonjwa ni tusi, na alikuwa ameandika hivyo mwenyewe ukurasa wa kumi na tisa. Akapokea, akanywa, na kata ikiwa bado mdomoni akatulia.

Alishusha kata polepole.

"Ulikuwa umefunga kitambaa cheusi," alisema.

"Nilikuwa na msiba wa siku kumi na mbili," Mama Justa alijibu. "Wenzangu wote walikwenda kwenye ngoma ng'ambo ya mto. Mwenye msiba haendi ngomani. Nikabaki peke yangu, ukaja, nikakupa maji."

Bwana Kimolo aliuliza habari ya miiba milangoni, na kabla Mama Justa hajajibu duka lilicheka, kicheko cha chini kisicho na ubaya. Mzee wa miembe ndiye aliyemweleza. Ukitoka na watu wote unalaza tawi la miiba mlangoni, maana yake tumetoka, tutarudi, usiingize ng'ombe wako. Mji ukihamwa kweli hakuna anayejisumbua kukata miiba. Mtoto wa miaka minne anajua. Mwandishi alisikiliza kwa makini na, kwa mazoea, akayaandika hayo kwenye kijitabu chake.

"Na mimi?" Mama Justa alimuuliza. "Miiba hukuijua. Mimi uliniona."

Hapa Bwana Kimolo angeweza kudanganya, na wengi wangemwamini. Kwa heshima yake, hakudanganya. Alisema aliporudi nyumbani aliandika ukurasa ule na mama mwenye kitambaa cheusi ndani yake, akausoma, akaona kuna kitu kina uzito. Akamtoa mama. Sentensi ikakaa vizuri zaidi. Alisema hivyo huku akitazama vigae, na watu waliona kuwa anaona aibu ya kweli. Hakuna aliyempigia kelele. Mchungaji aliguna tu.

Mama Justa alifungua nakala aliyonunua asubuhi, akamwekea kwenye ukurasa. Alimwambia aandike pembeni, kwa mkono wake, mambo mawili. La kwanza, kwamba alimkuta yeye. La pili alilisema kidole kikiwa juu ya neno mawe.

"Yale mawe uliyokalia. Siku ile sikukwambia inuka, ulikuwa mgeni. Ni kaburi la mume wangu."

Kalamu ilikuwa ya Sesilia, ya buluu. Bwana Kimolo aliandika: *Nilikosea. Mwabuyegu nilipokewa na Mama Justa, akanipa maji. Rundo lile la mawe ni kaburi la mumewe, Mabula, na hapo ndipo alipolala.* Akatia sahihi na tarehe. Alitaka kuandika na majina ya wale wanne waliosimama nyuma, lakini pambizo lilikuwa limejaa. Aliahidi kuwa atazungumza na mchapishaji kuhusu toleo la pili. Watu wakapanga mstari wa kusainiwa vitabu.

Mama Justa aliaga, akaenda zake. Sesilia alikuwa wa kwanza kuona, kwa kuwa ndiye anayetazama sakafu. Kutoka kizingitini kwenda nje, kwenye uji mweusi wa barabara, kulikuwa na nyayo mbili, nne, kumi, za mwanamke aliyevaa katambuga, zikielekea stendi. Wale wanne wakatoka nyuma yake, na hao hawakuacha kitu. Sesilia alisimama na dekio mkononi, akafurahi kiasi kwamba machozi yalimtoka.

Jumatatu asubuhi Mama Justa alifika kwenye kontena kabla halijafunguliwa. Mwigulu alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kiti. Alipokea karatasi ya Mzee Selestine kwa mikono miwili, akaisoma, akaifungia kwenye faili: kata moja, miaka arobaini na miwili, nyumba isiyojulikana ilipo. Akasoma pambizo la ukurasa wa themanini na nane, mara mbili, akafungua nakala ya rafuni, akazilaza pamoja. Yake haikuwa na pambizo lililoandikwa. Alieleza kwamba zipo nakala elfu tatu zilizopigwa chapa zinazosema hivi, na moja ya kalamu inayosema vile. Halafu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akatoka nje kutazama ardhi.

Nyayo zilikuwepo. Zilitoka njia ya Mwabuyegu hadi ngazi ya kontena, safi kabisa. Mwigulu alifurahi kwa dhati. Alichukua pikipiki akazifuata kinyume, akapanda kilimani, akazikuta zimezunguka nyumba, kisima na lile rundo la mawe. Akazifuata tena mpaka zilipoingia kwenye njia ya basi, na basi lilitoka Shinyanga. Akapiga simu kwenye duka la vitabu kuuliza zinaanzia wapi. Sesilia hakujua kwa nini anaulizwa. Akajibu kwa fahari kwamba zinaanzia hapohapo, kizingitini kwake, Jumamosi jioni, na kama anataka aje aone, hajazifuta.

Basi Mwigulu akarudi kontena, akaandika, akampa Mama Justa asome kabla ya kutia sahihi: mkazi mmoja, mwanamke, ana dalili kamili, ameingia Mwabuyegu Jumamosi akitokea Shinyanga mjini. Hesabu ya wakazi ilifungwa Machi. Mhamiaji wa siku mbili hawezi kuwa na kaburi la miaka mingi. Alimwomba radhi, na ilionekana imemgusa. Alimsindikiza mpaka getini.

Malori yalianza kumwaga wiki iliyofuata. Watu wa Mwabuyegu waliondoka na mikokoteni, wengine Kagongwa, wengine Mwakitolyo, na kule walikokwenda majirani wapya wanasema ni watu wema, tatizo tu huwezi kujua kama wamepita. Walilaza miiba milangoni kabla ya kuondoka. Siku ya kumi na moja kifusi kilifika nyuma ya nyumba ya mwisho. Mama Justa alisimama kwenye uzio, akaita jina la mumewe mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwamsha aliyelala mchana. Kisha mawe yakamwagwa.

Siku alipopitia Shinyanga kumpelekea Sesilia kile kitabu, alisema anapohamia kuna mchwa, na kitabu mahali pake ni dukani. Sesilia alijaribu kuomba msamaha kwa ile simu. Mama Justa alimwambia alisema ukweli, na ukweli hauombewi msamaha. Lakini hakumtazama usoni, na hilo lilimuuma Sesilia kuliko kama angetukanwa. Akakiweka kitabu kwenye rafu ya safari, peke yake, jalada likitazama mbele.

Madereva wa malori ndio waliokuwa wa kwanza kuziona. Alfajiri, kwenye mteremko wa kifusi, kulikuwa na nyayo za mwanamume peku, zinashuka kutoka juu. Mguu wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Madereva wote wamewahi kufanya kazi mashimoni au wana kaka aliyefanya, kwa hiyo walizikwepa bila kuambiwa. Kampuni iliweka kibao: HAIRUHUSIWI KUSHUKA UPANDE HUU.

Asubuhi hiyohiyo Sesilia alifungua duka akakuta vumbi la kijivu kwenye vigae vyake. Nyayo zilitoka kwenye mlango uliokuwa umefungwa, zikapita vitabu vya kiada, zikapita Biblia, zikasimama mbele ya rafu ya safari. Zilikuwa zimesimama muda mrefu, maana vumbi lilijikusanya. Kisha zikageuka. Alihesabu vidole. Akafuta sakafu, akampigia simu Mama Justa. Kesho yake zilikuwa zimerudi, na kesho kutwa.

Mama Justa alikuja Jumamosi, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya unyayo wa kushoto.

"Ni yeye," alisema. Akatazama rafu, akaongeza, "Lakini Mabula hakujua kusoma."

Tangu siku hiyo huja kila Jumamosi kwa basi la kwanza. Hukaa mbele ya rafu, huvaa miwani, humsomea ukurasa wa themanini na nane, maneno ya chapa kwanza kisha ya kalamu, kidole kikienda polepole chini ya kila neno. Wateja wanapita pembeni. Mwezi wa Machi uliofuata lilifika boksi la toleo la pili, lenye jalada jipya, na Sesilia alikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa ule. Haukubadilika hata nukta. Bwana Kimolo alipiga simu mwenyewe kueleza. Alisema alijaribu, ila mchapishaji alimwambia wasomaji wanaupenda vile ulivyo, na sauti yake ilikuwa ya huzuni.

Sesilia amenunua kiti, kizuri, chenye mto, akakiweka pale penye nyayo. Aliona mtu aliyetembea kutoka Mwabuyegu kwa miguu yenye vidole vinane hawezi kusomewa akiwa amesimama. Tangu hapo vumbi hukutwa kwenye mto pia.

Mama Justa akimaliza kusoma hufunga kitabu, na kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu kwenye vigae vyeupe hutokea unyayo mmoja, na mwingine, zikielekea mlangoni, maana kwenye pambizo imeandikwa kwamba hapo ndipo alipolala, chini ya mawe, na kilichoandikwa miguu hufuata. Za kurudi hukanyaga kwa uzito kuliko za kuja. Mama Justa huzisindikiza mpaka barabarani. Sesilia husubiri wafike kona, kisha huchukua ndoo, akapiga deki.